Gari linakwenda Dar, namba ya jina inabaki: lipi lianze?

"Habari za kazi. Mimi naishi Leicester. Mwaka 2016 nilinunua namba kwa DVLA, mamlaka ya leseni na usajili wa magari ya Uingereza, ile ya mtindo wa zamani inayoanza na herufi M, halafu tarakimu, halafu herufi tatu, na ukiisoma harakaharaka linatoka jina la mama yangu. Ipo kwenye Toyota yangu ya mwaka 2012. Sasa hiyo Toyota nataka kuipeleka Dar es Salaam kwa mdogo wangu. Imesimama uani tangu Januari, kodi ya barabara nilishaisimamisha nikatoa taarifa ya SORN, yaani kwamba gari haliko barabarani, na MOT, cheti cha ukaguzi wa gari, imeisha. Binamu yangu wa Milton Keynes, ambaye gari lake ni la 2019, ananipa paundi 900 nimwachie namba. Kampuni moja ya kuuza namba imenikadiria paundi 3,200. Kabatini nina ile karatasi ya V750, imeandikwa mwisho wake ni 2026, na ndiyo inayoninyima usingizi: nikichelewa, namba inapotea? Halafu, kwani siwezi kufungua vibao nikampa binamu, tukaandikishana mbele ya mashahidi, gari likaondoka zake? Jirani yangu naye anasema nikitengeneza vibao vipya na kusogeza herufi ili jina lisomeke vizuri, bei itapanda."

Ndugu yangu, tuanze na usingizi. Karatasi iliyo kabatini haina kazi tena. V750 ni cheti cha haki ya kutumia namba ambayo bado haijawekwa kwenye gari lolote, na tarehe yake ya mwisho inahesabika tu wakati namba iko kwenye karatasi. Siku namba yako ilipowekwa kwenye Toyota, haki ilihama kutoka kwenye cheti ikaingia kwenye kumbukumbu za gari. Namba iliyo kwenye gari haina tarehe ya kuisha. Bila shaka uliiweka kwa njia ya mtandao, ambako hukutakiwa kuirudisha ile karatasi, ndiyo maana bado unayo na inakutisha bure.

Hofu hii ina asili yake. Kabla ya Machi 2015 vyeti vya namba vilidumu muda mfupi, na mtu aliyeshikilia namba bila kuiweka kwenye gari alikuwa akilipa paundi 25 kila mwaka ili asiipoteze. Tangu Machi 2015 cheti ni cha miaka 10 na kukifanya upya ni bure. Lakini maneno ya zamani hayafi haraka, na bado utasikia watu msikitini, kanisani na kwenye sherehe wakiambiana kwamba namba "hulipiwa kila mwaka".

Sasa kwenye kiini cha swali lako, yaani vibao. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, tena si Waswahili peke yao. Namba ya gari Uingereza haimilikiwi na mtu. Inabaki ya serikali kupitia DVLA, iliyoko Swansea. Ulichonunua 2016 ni haki ya kuitumia. Mtu aliyewahi kushika hati ya kiwanja Tanzania ataelewa mara moja: ardhi ni ya umma, wewe una haki ya kuikalia, na hiyo haki ndiyo unayoiuza. Vibao vya plastiki ni kama yale maandishi ya rangi nyekundu ukutani, "nyumba hii haiuzwi". Yanamweleza mpita njia jambo fulani, lakini hayathibitishi umiliki wa mtu yeyote, na ukilibeba tofali lenye maandishi hayo hujabeba nyumba.

Haki hiyo hukaa mahali pawili tu. Ama iko kwenye kumbukumbu za gari lililosajiliwa, na hapo anayeitawala ni yule aliyeandikwa kwenye kadi ya gari, yaani V5C, ambayo wengine huiita logibuku. Ama iko kwenye cheti: V750 kwa namba mpya ambayo haijawahi kuwekwa, au V778 kwa namba iliyotolewa kwenye gari ikawekwa akiba. Hakuna mahali pa tatu. Makubaliano yenu mbele ya mashahidi yanaweza kuthibitisha kwamba binamu anakudai au unamdai, lakini hayaihamishi namba hata hatua moja.

Mkifanya hivyo unavyopendekeza, mambo yatakwenda hivi. Binamu atafunga vibao vyako kwenye gari la 2019 na kuingia barabarani. Kamera za polisi zinazosoma namba zitaona Toyota ya 2012 yenye SORN, isiyo na kodi wala bima, ikikata barabara kuu ya M1. Atasimamishwa, na gari linaweza kuchukuliwa hapohapo. Faini za maegesho na za mwendo kasi zitaletwa kwako Leicester. Wakati huohuo Toyota itakuwa njiani kwenda Afrika na namba ikiwa bado imo ndani ya kumbukumbu zake. DVLA wakishaandika kwamba gari limehamishwa nje ya nchi moja kwa moja, hutaweza tena kuitoa namba hiyo, kwa sababu gari lenyewe halipo tena Uingereza kulifanyia lolote. Utakuwa umeuza kitu ambacho huna.

Kwa hiyo utaratibu ni mmoja: namba itoke kwanza, kadi mpya ifike, ndipo gari liguswe.

Tuangalie kama Toyota yako inakubalika. DVLA wanataka gari liwe limesajiliwa kwao, liwe linaweza kutembea kwa injini yake lenyewe, liwe la aina inayopaswa kufanyiwa ukaguzi wa MOT, na lisiwe na pengo: kwa miaka mitano iliyopita liwe lilikuwa na kodi au SORN mfululizo. Hapa umejisaidia sana kutoa taarifa ya SORN. Angekuwa mtu aliyeacha kodi iishe akanyamaza tu, ombi lake lingekwama. Kuisha kwa MOT hakukuzuii. Wengi husoma sharti la "gari la aina inayohitaji MOT" wakadhani ni lazima cheti kiwe hai siku ya kuomba, wanakimbilia gereji kulipia ukaguzi usio na haja. Cheti hai hudaiwa kwa gari lililokaa kwenye SORN zaidi ya miaka mitano. Hilo ni lazima lilipiwe kodi na kupimwa kwanza. La kwako ni la miezi tu.

Hakikisha kadi uliyonayo ndiyo ya mwisho kutolewa, na jina pamoja na anwani ni sahihi. Kama ulihama nyumba hukubadilisha anwani, badilisha kwanza na subiri kadi mpya, vinginevyo cheti cha namba kitatumwa kwa mpangaji aliyekurithi. Kama kadi imepotea, nakala yake huombwa kwa fomu V62 na ni paundi 25.

Kisha ingia GOV.UK, tovuti ya serikali, andika anwani hiyo mwenyewe badala ya kubofya tangazo la kwanza unaloliona, kwa sababu kuna tovuti zinazofanana nayo ambazo hutoza ada yao juu ya ile ya serikali. Utahitaji namba ya gari na ile namba ya kumbukumbu ya tarakimu 11 iliyo kwenye kadi. Malipo ni paundi 80. Ada hiyo hulipwa mara moja tu: inalipia kuitoa namba sasa na kuiweka kwenye gari lingine baadaye, hivyo asije mtu akakutoza tena "ada ya kuhamisha" ya DVLA. Ombi likipita, namba hutoka siku hiyohiyo. Utapewa marejeo ya V778, na cheti chenyewe kitafuata kwa posta pamoja na kadi mpya ya Toyota. Ukiona DVLA wanataka kwanza kulikagua gari, usishangae. Wana haki hiyo, na ni sababu nyingine ya kutolikabidhi kwa wakala wa meli mapema.

Toyota haitabaki bila namba. Kwa kawaida hurudishiwa ile iliyozaliwa nayo. Kwa gari la 2012 itakuwa na tarakimu 61, 12 au 62 katikati, kutegemea lilisajiliwa kabla ya Machi, kati ya Machi na Agosti, au kuanzia Septemba. Kama ulivihifadhi vile vibao vya mwanzo, vitafute.

Njia ya posta, kwa fomu V317, bado ipo. Kwa hiyo unaweza kuhamisha namba moja kwa moja kutoka gari lako kwenda la binamu, mkituma kadi zenu mbili pamoja na paundi 80. Lakini mtakaa wiki kadhaa wote wawili bila kadi, na ombi likiwa na kosa dogo linarudi lote. Mimi ningekwambia tumia mtandao kwa hatua mbili: itoe, kisha iweke. Gharama ni ileile.

Je, gari la binamu linaifaa namba hii? Kanuni kubwa ni kwamba namba haiwezi kulifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Kulizeesha unaweza, kulifanya kijana wa uongo huwezi. Herufi M mwanzoni ilitolewa kati ya Agosti 1994 na Julai 1995, kwa hiyo inaingia kwenye gari lolote lililosajiliwa kuanzia hapo, na gari la 2019 halina tatizo. Ingekuwa kinyume, tuseme namba ya mtindo wa sasa yenye tarakimu 24 katikati, ambayo ni ya Machi 2024, isingekubaliwa kwenye gari la 2019 hata kwa pesa gani. Namba zisizoonyesha mwaka, kama zile za Ireland ya Kaskazini zenye herufi I au Z, huingia popote, na ndiyo maana madalali huzipenda. Gari lenye namba inayoanza na Q halipewi namba ya jina kabisa.

Swali la pili kuhusu gari la binamu huwa linasahaulika: je, ni lake? Kama analilipia kwa mkopo ambao kadi imeandikwa jina lake, anaweza kuweka namba, ila awaarifu wakopeshaji, kwa sababu namba imeandikwa kwenye mkataba wao. Kama amelikodi kwa muda mrefu na kadi iko kwa kampuni, yeye hana uwezo wa kufanya lolote bila wao, na wao ndio watakaofuata taratibu, mara nyingi kwa ada yao. Tena siku akilirudisha gari na namba ikiwa bado imo, haki inakuwa imebaki kwenye kadi ya kampuni. Anayekodi gari anapaswa kuanza kuitoa namba yake walau miezi miwili kabla ya mkataba kuisha.

Sasa pesa. Nitasema wazi: makadirio ya paundi 3,200 si ofa. Hakuna aliyekwambia atakulipa kiasi hicho. Biashara ya namba ina watu wa aina mbili. Wapo wanaonunua kwa pesa yao na kuweka ghalani. Hao hutoa bei ya chini kwa sababu namba inaweza kuwakalia miaka. Na wapo wanaoitangaza tu, kisha wakakata kamisheni ikiuzwa. Hao wa pili hawapotezi chochote kwa kukutajia bei kubwa, kwani mwenye namba akisikia 3,200 huwapa wao badala ya jirani yao. Wakikuomba ada ya kuitangaza kabla haijauzwa, achana nao. Wasipoomba, uliza maswali matatu: kamisheni ni kiasi gani, bei mtakayoitangaza ina VAT ndani au nje, na mimi mkononi nitapata nini. Kwenye matangazo mengi utaona bei moja kwa herufi kubwa, na chini kwa herufi za mchwa VAT na ile 80 vinaongezwa juu.

Kipimo cha kweli unaweza kukipata mwenyewe kwa dakika kumi. DVLA wenyewe wanauza namba kwenye tovuti yao, kuanzia paundi 250, na bei hizo zina VAT pamoja na ada ya 80 ndani. Tafuta zinazokaribiana na ya kwako: herufi tatu zilezile na tarakimu nyingine, au herufi M ikiwa imebadilishwa. Kama mnunuzi anaweza kupata jina hilohilo kwa paundi 399 kwa kubadilisha tarakimu moja, hakuna atakayekupa 3,200. Kama hakuna kinachofanana, hapo una hoja. Angalia pia bei za minada ya DVLA, lakini zisome kwa makini: bei ya nyundo si anayolipa mnunuzi. Juu yake huongezwa kamisheni ya asilimia 8, VAT ya asilimia 20, kisha 80. Namba iliyogongewa nyundo kwa 1,000 humgharimu mnunuzi 1,376. Unapouza mtu kwa mtu hakuna VAT wala kamisheni, na hapo ndipo ofa ya binamu inapopata uzito kuliko inavyoonekana. Kati ya 900 zake, ukitoa 80 ulizolipa DVLA, unabaki na 820 siku hiyohiyo.

Namba za majina yetu zina tabia nyingine ambayo mkadiriaji wa Kiingereza hawezi kuijua. Jina la Kiswahili au la Kiarabu lina wanunuzi wachache hapa Uingereza, lakini wale wachache wanalitaka hasa. Inaweza kukaa miaka mitatu bila simu, halafu akaja mmoja asiyeuliza bei mara mbili. Ukiwa huna haraka, V778 inakupa miaka 10 ya kumsubiri bila kulipa kitu. Ukiwa unahitaji pesa ya meli, subira hiyo haikusaidii.

Njia ya tatu hukuitaja: kutouza. Ni jina la mama. Ukishalipa ile 80, namba inaweza kukaa kwenye cheti muongo mzima, ukafanya upya bure katika siku 28 za mwisho, ukaiweka kwenye gari lako lijalo. Usitegemee kukumbushwa; andika tarehe mahali, na ukihama wajulishe DVLA anwani mpya ya cheti, kwa sababu hapa ndipo ile hofu yako ya kupoteza namba inapokuwa ya kweli. V778 ikiisha muda haki inakufa, na hakuna fidia. Mimi sitakuamulia. Nitasema tu kwamba ukimwuzia binamu, jina linabaki kwenye ukoo, na ukimwuzia dalali, haliendi kokote unakokujua.

Tuseme umeamua ni binamu. Mwenye cheti ndiye anayeiweka namba, kwa hiyo kazi ni yako: unaingia tena GOV.UK, unajaza marejeo ya V778, kisha namba ya gari lake na tarakimu 11 za kadi yake. Namba huingia mara moja, na tangu dakika hiyo haki ni ya yule aliyeandikwa kwenye kadi ya gari lile. Huwezi kuirudisha bila ridhaa yake. Kwa sababu hiyo, pesa iingie benki kwanza, uione kwenye akaunti na si kwenye picha ya simu, ndipo ubonyeze. Mnaweza kufanya mkiwa kwenye simu pamoja, dakika tano zikawa nyingi. Kwa upande wake, asikubali kulipa kwa kuona picha ya V778 tu. Aone kadi ya Toyota ya zamani yenye namba hiyo na jina lako, na jina hilohilo liwe kwenye cheti. Kwa ndugu mtaaminiana, lakini akija mtu wa mtandaoni, huo ndio mtego unaowanasa wengi: picha moja ya cheti inauzwa kwa watu watatu.

Wewe nawe usiirushe picha ya V778 kwenye kundi la familia. Namba za cheti ni kama namba ya siri ya benki; anayezijua pamoja na jina na postikodi yako amebakiza kidogo sana.

Utasikia habari za "mteuliwa", yaani kumwandika binamu kwenye cheti kama mtu ambaye gari lake linaruhusiwa kuwekewa namba. Ni bure, na inafaa kwa mzazi anayempa mtoto. Kwa kuuziana haifai: mteuliwa si mwenye haki. Mwenye haki bado ni wewe, na unaweza kumwondoa kesho. Binamu asikulipe 900 kwa kuteuliwa tu.

Namba ikishaingia, yeye ana mambo ya kufanya kabla hajawasha gari. Aipigie simu bima yake, kwa sababu kamera hulinganisha namba na orodha ya bima, na bima iliyoandikwa namba ya zamani huonekana kama haipo. Abadilishe vibali vya maegesho na akaunti za tozo za barabarani, kama ile ya Dartford au ya kuingia London ya kati. Kodi anayolipa kwa makato ya benki huendelea yenyewe. Na atengeneze vibao kwa mtengenezaji aliyesajiliwa, akiwa na kadi au cheti pamoja na kitambulisho.

Hapo ndipo ushauri wa jirani yako unapoingia, na naomba uuache hapohapo ulipousikia. Vibao vina vipimo: herufi zina urefu wa milimita 79, upana wa 50 isipokuwa 1 na I, unene wa mstari 14, nafasi kati ya herufi na herufi 11, na kati ya kundi na kundi 33. Ile nafasi ya 33 ndiyo inayovunja jina vipande viwili, na ndiyo kila mtu anataka kuifinya. Skrubu nyeusi iliyowekwa ili 1 isomeke kama herufi nyingine ni kosa lilelile. Vibao hivyo hufeli MOT, faini hufika paundi 1,000, na DVLA wana uwezo wa kuichukua namba yenyewe wasirudishe. Badala ya kupanda, bei inageuka sifuri. Mnunuzi anayejua hulipia herufi na tarakimu zilivyo, jina analisoma mwenyewe.

Turudi kwa Toyota. Usimpe wakala wa meli nyaraka yoyote kabla kadi mpya haijafika. Ankara, hati ya meli na kadi vinapaswa kusema gari moja. Ukiandikisha mzigo kwa namba ya M halafu kadi ikaja na namba ya 12, mdogo wako atakuwa Bandari ya Dar es Salaam akieleza kwa nini gari lina majina mawili, na siku za kueleza zinahesabiwa kwa ada ya kuhifadhi mzigo. Namba ya chesisi ndiyo itakayowaokoa, kwa hiyo hakikisha imeandikwa sawasawa, herufi na tarakimu zote 17, kwenye kila karatasi. Kadi mpya ikifika, jaza sehemu ya kusafirisha gari nje moja kwa moja, uitume DVLA, na kadi iliyobaki isafiri na nyaraka za gari kwa ajili ya usajili wa huko.

Kumbuka gari lina SORN na halina MOT. Huwezi kuliendesha hadi bandarini hata kama ni saa kumi alfajiri. Libebwe kwa lori, au ulipime, ulilipie kodi na ulikatie bima kwanza. Kwa gari la umri huo mdogo wako aulize pia mapema kiasi cha ushuru wa uchakavu, maana Tanzania magari makuukuu hutozwa zaidi. Likifika, TRA watalipatia namba yao, T na tarakimu tatu na herufi tatu. Namba ya Uingereza haina maana yoyote huko. Akitaka jina kwenye gari, TRA wana utaratibu wao wa namba binafsi, lakini huo ni wa kulipia kwa vipindi vya miaka mitatu, si kununua mara moja kama ulivyofanya wewe.

Kuna hali chache ambazo kusoma jibu kama hili hakutoshi. Kama kadi ya Toyota ina jina la mtu mwingine, mathalani mume au mke mliyeachana, usiguse kitu kabla hujaongea na mwanasheria, kwa sababu DVLA huangalia kadi na si nani alilipa 2016. Kama aliyeandikwa amefariki, msimamizi wa mirathi ndiye mwenye uwezo, na atatakiwa kuonyesha hati zake. Kama gari la mtu limepata ajali na bima inataka kulilipa kama limekufa, awaambie siku hiyohiyo kwamba namba anaibakiza, na aitoe kabla hawajalichukua. Na kama umeshalipa mtu pesa ya namba isiyokuja, nenda benki yako leo na polisi leo. Kesho pesa huwa imeshahama.

Vibao vya zamani vyenye jina la mama, nimekumbuka, bado uliuliza kama unaweza kumpa binamu. Hata mwishoni, haki ikishahamia kwake, usimpe. Ni vya 2016, na kibao kinachofungwa kwenye gari kuanzia Septemba 2021 kinapaswa kuwa cha kiwango kipya, BS AU 145e, chenye alama hiyo pamoja na jina na postikodi ya mtengenezaji. Atengeneze vyake. Hivyo vyako vifungue Toyota kabla haijapakiwa, visije vikaonekana vinatembea Kariakoo, uvioshe, uvitundike sebuleni.